Mtamba Asiyekatwa Sikio

Nianze na kosa langu, maana la rafiki yangu nikilianza sitanyamaza. Kosa langu ni kwamba nilijua kidogo. Ningekuwa sijui kabisa, leo ningelala usingizi. Ila mimi ni fundi simu, na pale Nyakanazi njia panda fundi simu anaaminiwa kuliko daktari, kwa sababu daktari humwoni akifanya kazi na mimi unaniona. Unakaa kwenye benchi, unanitazama nafungua simu yako, napuliza vumbi, nachomelea risasi, nairudisha inaita. Basi ukishaona hivyo mara mbili tatu, hata nikikwambia mvua itanyesha kesho unaenda kuanua mahindi.

Rafiki yangu nilimpata shule ya bweni Ngara mjini, kidato cha kwanza. Tulipewa kitanda kimoja cha deka, yeye juu, mimi chini. Kwao kulikuwa mbali, kwa hiyo likizo fupi alikuwa anakuja nyumbani kwetu, kilima cha tatu ukitoka mjini, kwa miguu, masanduku kichwani. Mama alimpenda mpaka mimi nikaona wivu, na nilisema waziwazi kuwa naona wivu. Mimi mtoto wa kuzaa nilikuwa nikifika tu natumwa maji. Yeye anaambiwa, keti mwanangu, umechoka, na ndizi za kwanza kutoka chunguni zinakwenda kwenye sahani yake. Naye alikuwa na adabu. Alikuwa anapiga goti akimwamkia Mama shikamoo, anaosha vyombo bila kuambiwa, anamsikiliza Mama hadithi zake za ng'ombe ambazo mimi nilikuwa nazikimbia.

Baadaye yeye alifaulu vizuri, mimi hesabu zilinikataa. Alikwenda chuo kikuu, akaenda mbele zaidi, akaenda nje, akarudi. Mimi nilikwenda Kahama kujifunza ufundi kwa mtu, nikapata meza yangu Nyakanazi, mbele ya nyumba ya wageni, malori ya Kigali na Bujumbura yananipigia honi kutwa nzima. Tuliendelea kupigiana simu. Kila nilipokwama na simu ya aina mpya nilimuuliza yeye, naye kila mara alinijibu kwa subira. Nilikuwa najivunia. Wateja niliwaambia nina mtu wangu anayetengeneza vile vitu vyenyewe, siyo kuvirekebisha kama mimi.

Siku moja akaja mwenyewe. Akashuka basi la asubuhi, akaweka mezani kwangu kikopo kidogo cha plastiki, akafungua. Ndani mlikuwa na vitu vyeusi vidogo kuliko punje ya mchele, kila kimoja kimefunikwa na kitu kama kioo. Akaniuliza naona nini. Nikasema naona chip, ila naona haina antena.

Akacheka, akanipiga begani. Akasema hapo ndipo ilipo kazi yake yote. Siku zote chip ni kitu kimoja na antena ni kitu kingine, na kati yao kuna kiungo. Wao wameichora antena juu ya silikoni ileile iliyobeba chip, wakati mmoja, kiwanda kimoja. Hakuna waya, hakuna kiungo. Nilimwelewa haraka, na nilifurahi kweli, maana mimi nakula kwa sababu ya viungo. Simu karibu zote zinazokuja kwangu hazijafa, kuna mahali tu pameachana. Niliwaza kitu kisicho na mahali pa kuachana, nikaona huyu rafiki yangu ni mkubwa jamani.

Akanieleza pia ugumu wake. Akasema silikoni inakunywa mawimbi, yanaishia humohumo kabla hayajatoka, na kazi ya watu kama yeye ni kuizuia isinywe. Chip ile haina betri. Unaleta mashine ya kusomea karibu, mashine inaipa nguvu, chip inajibu namba yake. Alitaka kuijaribu ndani ya ngozi ya mnyama, nyuma ya sikio. Alikuwa anahitaji ndama, na alijua mimi nafahamiana na wafugaji.

Hapo ndipo nilipouliza swali langu moja. Nilimwambia, antena ndogo haisikii mbali, hiyo hata mimi naijua. Mtu akinunua kava bandia la nyuma, vile vipini vya antena visipogusa sawasawa, mtandao unashuka na simu yenyewe ni nzima. Na maji ni adui, simu ikiloa kitu cha kwanza kulalamika ni mtandao. Sasa nyama si maji matupu? Hii itasikika vipi?

Akanitazama, akatabasamu, akasema, "Na wewe uhandisi umesomea wapi?"

Alisema kwa utani. Nami nilicheka. Lakini lilinichoma, na nikanyamaza. Tangu siku ile sikuuliza tena, na hapo ndipo palipo kosa langu. Nilikuwa na swali sahihi mkononi nikalificha kwa sababu sikutaka kuonekana mtu wa Nyakanazi.

Sasa habari ya ng'ombe wa Mama. Baba alipokuwa hai tulikuwa na zizi pale kilimani. Alipofariki, ng'ombe waliisha mmoja mmoja, kama wanavyoisha kwa wajane wote, huyu amekwenda hospitali, huyu amekwenda shule, huyu shemeji kamchukua na maneno mengi. Akabaki ng'ombe mmoja tu, ambaye Baba alikuwa amempeleka Runazi, Biharamulo, kwa rafiki yake mzee wa Kisukuma aliyehamia kule zamani kutoka Shinyanga. Kwetu malisho ni madogo, kule kuna nafasi. Mtu anakutunzia ng'ombe, maziwa na samadi ni vyake, na ndama mnagawana kwa zamu. Mzee yule hakuwahi kutudhulumu hata siku moja. Kila alipozaliwa ndama wetu alituma salamu.

Yule ng'ombe alizaa ndama jike mwekundu, zamu ya Mama, na miezi michache baadaye akafa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Kwa hiyo yule ndama ndiye aliyekuwa ng'ombe wa Mama, wote. Mama alikuwa anamsubiri akue arudi nyumbani. Migomba yake ilikuwa inakonda kwa kukosa samadi, mikungu ya kubeba kwa mkono mmoja, na wake za shemeji zake walikuwa wanapita njiani wanaitazama ile migomba na kunyamaza. Mama alisema ng'ombe mmoja tu, kinyesi chake tu, na shamba litasimama. Alikuwa ameshaanza kukata miti ya kibanda.

Na kule Runazi ndama hawi wa mtu mpaka akatwe sikio. Kila nyumba ina alama yake, mwingine pengo ncha ya kulia, mwingine tundu, mwingine anachanja kwa chini. Mzee yule hakuwa anamkata ng'ombe wa watu kwa alama yake mwenyewe. Alikata alama ya mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe lazima awepo na majirani waone. Ya Baba ilikuwa pengo ncha ya kulia. Hereni za masikioni zenye namba za serikali zilikuwa zimevalishwa kabla ndama huyu hajazaliwa, kwa hiyo kisu ndicho kilichokuwa cheti chake.

Mama alipanda basi kutoka Ngara na dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya siku hiyo. Nami nilikwenda, na rafiki yangu akaja nami, na kikopo chake na mashine yake kwenye begi. Tulimkuta mzee amekaa nje, macho yake yalikuwa yameanza kufunga ukungu wa uzee. Nilimwamkia, mwangaluka, akaitikia, akacheka kwa sababu matamshi yangu ya Kisukuma yanamfurahisha. Jirani yake wa upande wa mto alikuwepo pia, mtu mzima mwenye kofia ya pama, amekuja kushuhudia. Naye alikuwa na ndama jike mwekundu wa umri uleule, dume lililowazaa wote ni moja. Ukiwaona wamesimama pamoja ulikuwa unacheka.

Rafiki yangu akanivuta pembeni. Akasema wasimkate. Kidonda, damu na uvimbe vitamharibia vipimo vyake, antena iko karibu mno na ngozi. Anataka masikio mazima. Akasema, waeleze wewe, wewe wanakujua.

Basi nikawaeleza. Nilisimama katikati ya ule uwanja wa zizi, mimi fundi, nikachukua punje moja kwenye kiganja na kuwazungushia waione. Nikawaambia alama ya siku hizi inakaa ndani. Kisu kinaigwa, nikasema, mwizi akiwa na kisu anaongeza pengo juu ya pengo, lakini hii haiigwi. Ng'ombe akipotea tutampata, akichanganyika tutamsoma. Hakuna aliyeniambia niseme hayo ya kupotea na kuchanganyika. Niliyatoa kichwani mwangu, kwa sababu nilitaka wakubali, na kwa sababu nilikuwa nimeona aibu mezani kwangu na sasa nilitaka kuonekana najua. Rafiki yangu alikuwa amesimama mkono wangu wa kushoto, karibu kabisa. Alisikia kila neno. Alitabasamu na kuitikia kwa kichwa.

Mzee alisita. Akasema hajawahi kumlaza ndama wa watu zizini kwake bila alama. Mama ndiye aliyemaliza. Alisema kama hawa watoto wamesema, basi, hawa nimewapikia mimi. Jirani naye akasema kama ni hivyo, na wa kwake atiwe. Wakatiwa wote wawili, sindano nene nyuma ya sikio la kulia, mashine ikawekwa pale pale juu ya ngozi, ikalia, namba ikatokea. Watu wakapiga makofi. Rubisi ikanywewa kana kwamba kisu kimepita.

Rafiki yangu alikaa nyumba ya wageni Nyakanazi wiki kadhaa. Kila siku alikwenda Runazi kwa bodaboda kusoma. Jioni aliandika kwenye kompyuta yake, nami nilimletea chakula. Nilimuuliza vipi, akasema vizuri sana, vipimo vinakuja vizuri. Siku za mwisho alikuwa anarudi amefurahi zaidi. Kisha akafunga begi, akaniachia kitenge cha kumpa Mama, akaenda zake.

Zaidi ya mwaka ukapita. Mchungaji aliyekuwa akilisha makundi yote mawili aliacha kazi akaenda machimboni Geita. Macho ya mzee yakazidi kufunga. Mama alikuwa amewaona wale mitamba mara mbili tu maishani. Ndipo mmoja akapotea. Walikwenda kunywa maji mtoni wawili, akarudi mmoja, na aliyerudi alifuata ng'ombe wa jirani akaingia zizi la jirani. Jirani akasema huyu ni wangu, namjua. Mzee akatuma salamu, akasema yeye kwa macho yake hawezi kuapa, lakini wapo watu wa mashine, waje waseme.

Niliposikia hivyo sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliona sasa ile kazi ya rafiki yangu itaonekana faida yake. Nikampigia. Akasema atakuja na mashine Jumatano. Jumatano ikapita. Akasema ana kikao. Wiki iliyofuata akasema gari. Kisha akawa hapokei, anaandika tu ujumbe mfupi, nitakutafuta dada, na kile kikatuni cha uso unaocheka. Mimi natengeneza simu, jamani, najua mtu aliyekosa mtandao na mtu anayekukwepa. Lakini yule hakuwa mtu, alikuwa rafiki yangu. Nilimtafutia sababu mimi mwenyewe.

Mwenyekiti wa kitongoji akachoka kusubiri, akapanga siku. Mama akaja kutoka Ngara. Tulifika Runazi asubuhi, mtamba amefungwa kamba kwenye nguzo ya lango la zizi, anatafuna. Alikuwa amekua vizuri kweli, mwekundu anang'aa, nyonga pana. Mama alimtazama, akaninong'oneza kwamba huyu kamfuata mama yake, yule ng'ombe wetu, tazama anavyosimama. Nilitaka sana iwe hivyo. Lakini hata yule wa jirani alikuwa anasimama hivyo.

Watu wakauliza mashine iko wapi. Nikasema ngoja nipige simu. Nikaenda nyuma ya ghala la mahindi, nikapiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu akapokea.

Nilimwambia tuko uwanjani, watu wamekaa, Mama yupo, mashine iko wapi. Akavuta pumzi. Akasema mashine haipo, waliifungua zamani, vipande vyake viko kwenye kazi nyingine. Kisha akasema hata ingekuwepo isingesaidia. Zile chip hazisomeki tena. Ngozi ikishajifunga vizuri juu yake, mawimbi ya antena ile ndogo hayana nguvu ya kutoka, nyama inameza kila kitu. Alisema kwa sauti yake ileile ya subira, ya kunifundisha.

"Tangu lini hazisomeki?" nikamuuliza.

"Wiki ile ya mwisho niliyokuwa huko. Ndicho tulichokuwa tunapima, dada. Zitachukua muda gani mpaka zipotee."

Nilimwambia arudie. Akarudia. Akasema kila mtu kwenye kazi yao alijua zitapotea, hawakujua tu itachukua siku ngapi, na kujua siku ngapi kulikuwa na maana kubwa kwa watakaotengeneza zinazofuata. Nikakumbuka zile jioni za mwisho, alivyokuwa anarudi amechangamka nami nampelekea wali na maharage. Alikuwa amefurahi kwa sababu zilikuwa zinazimika. Nikaegemea ghala.

Nikamwambia, ulisimama pembeni yangu. Nilisema akipotea tutampata, ukaitikia kwa kichwa.

Akasema, "Sasa ningekukatiza mbele za watu? Na ningewaambia ukweli, nani angenipa ndama asiyekatwa sikio?"

Nadhani alisikia ninavyohema, maana sauti ilibadilika, ikawa ile ya bwenini. Akasema nisilie. Akasema nisikilize, jambo lenyewe ni dogo.

"Chukua simu yako, ipitishe nyuma ya sikio, tazama kioo kidogo, sema imesoma, ni wa Mama. Wewe ni fundi. Nani atakupinga?"

Nikakata.

Niseme ukweli, nilirudi uwanjani sijaamua. Simu ilikuwa mkononi, kioo kinawaka. Watu wote walinyanyua vichwa. Yule jirani akavua kofia yake, akaniambia taratibu, "Fundi, mimi sina ugomvi. Ikisema ni wa mama yako, kamba naifungua mwenyewe."

Hapo ndipo nilipomchukia rafiki yangu kwa mara ya kwanza, na nilimchukia vibaya. Siyo kwa sababu ya ng'ombe. Ni kwa sababu alijua watu hawa walivyo. Alikuwa amekula kwao, amewapiga picha, alijua nikisema wataamini, na kwake hilo lilikuwa la kutumia tu, mara ya kwanza na mara ya pili.

Nikamsogelea mtamba. Nikapitisha kidole gumba nyuma ya sikio la kulia, na nikaikuta. Ile punje ilikuwa pale pale chini ya ngozi, ngumu, inateleza ukiibonyeza. Na namba yake ndani, nzima. Ingeweza kuwa ya Mama, ingeweza kuwa ya yule bwana, wote walitiwa siku moja mkono mmoja. Masikio yote mawili mazima, laini, hakuna kisu kilichowahi kuyagusa. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, ananitazama usoni.

Nikaizima simu, nikaitia mfukoni. Nikawaambia haisomi na haitasoma. Nikawaambia kwamba siku ile niliposema akipotea tutampata, nilikuwa sijui, na nilikuwa na shaka, na shaka yangu nikaificha. Nikawaomba radhi, kwanza yule jirani, kisha mzee, kisha Mama. Nilikuwa nimekasirika, nadhani walidhani nawakasirikia wao.

Mwenyekiti akamwuliza mzee. Mzee akaongozwa mpaka kwa mtamba, akampapasa mgongo, pembe, mkia, akapapasa na masikio kwa muda, akitafuta. Akasema hajui. Angeweza kusema ni wetu, kwa urafiki wa Baba, na hakusema. Kwa hiyo ikabaki kwamba yule bwana anasema anamjua, na mtamba amekutwa zizini kwake, na upande wetu hakuna mwenye uhakika. Mwenyekiti akasema abaki kwa jirani. Jirani hakushangilia. Alikuja kumpa Mama pole, akampa na mkono, kisha akamfungua mtamba na kuondoka naye polepole kuelekea mtoni.

Mzee alitaka kumpa Mama mbuzi. Mama alikataa, akamshukuru, akasema yeye hajadhulumiwa na mtu wa Runazi.

Tulirudi Nyakanazi kwa bodaboda mbili. Basi la Ngara lilikuwa bado, nikamkalisha Mama kwenye kibanda cha chai mkabala na meza yangu. Alikunywa chai, chapati hakuigusa. Aliniuliza kama ile miti aliyokata ya kibanda itafaa kuni au ni mibichi mno. Nikamwambia iache ikauke. Kisha akaniuliza, "Yule mwanangu alikuambia nini kwenye simu?"

Alikuwa bado anamwita hivyo. Basi nikamweleza yote, neno kwa neno. Nilimweleza wiki ile ya mwisho, kwamba alikuja kupima zinapotea lini, kwamba alitunyima kisu akijua. Nilikuwa na hamu kweli ya kumweleza, nakiri. Nilitaka Mama aone. Miaka yote ile ya ndizi za kwanza, nilitaka siku moja aone mtoto wake ni nani. Nikamalizia na lile la simu, alivyonifundisha niseme imesoma, na mimi nikakataa.

Mama akaufunga upya ukanda wa kitenge chake. "Kwa hiyo alikuambia useme ni wangu."

"Ndiyo, Mama."

"Na wangekuamini."

Nikamwambia ndiyo, wangeniamini, lakini ungekuwa uongo, huenda yule mtamba ni wa yule jirani kweli, na Mama mwenyewe ndiye aliyenilea nisichukue cha mtu. Akatikisa kichwa kukubali. Mama si mwizi. Alisema nimefanya vizuri, alisema mara mbili, kama mtu anayejaribu kukizoea kitu.

Basi likaja, likapiga honi. Nilimpandisha, nikamtafutia kiti cha dirishani, nikashuka kumpitishia kifurushi chake kwa nje. Alikipokea, akakipakata. Alinitazama kwa huruma, hakuwa na hasira hata kidogo, ningependa angekuwa nayo.

"Yule mwanangu angesema ni wangu," Mama akaniambia.

Basi likaondoka.